Namba Saba ya Generoza

Mabwerebwere, Kilosa
Jumapili, 3 Machi 2024

Leo mashine imegoma kuwaka.

Nimetoka kanisani, nimevua koti, nimekunywa chai, nimekaa kwenye kiti changu kama nifanyavyo kila Jumapili tangu mke wangu Generoza afariki, miaka minne sasa. Nimebonyeza swichi. Kimya. Nimebadilisha tundu la umeme, nimeipiga kofi ubavuni, dawa ambayo huponya redio nyingi. Kimya vilevile. Jana radi ilipiga karibu na nguzo ya mtaa na balbu zangu mbili ziliungua. Nadhani na yenyewe imepata lake.

Niandike ili akili itulie. Ni mashine ya drams, boksi la Kijapani lenye upana wa sinia la chai na vitufe vya rangi. Unavibonyeza kwa vidole, inatoa sauti ya ngoma kubwa, ngoma ndogo, makofi na vyuma, halafu inakumbuka ulichopiga na kukirudia mpaka uizime. Meneja mmoja wa hoteli kule Mikumi aliileta mwaka 1985, wakati bendi yetu, Mkata Vijana, ilipokuwa inapiga pale kila Jumamosi na mpiga drams wetu ametorokea Morogoro. Generoza ndiye aliyeichezesha. Mimi nilipiga besi. Alipanga midundo mingi humo ndani na mingi imeshafutika, lakini namba saba ipo. Ndiyo tuliyokuwa tukifungia shoo. Ngoma ndogo ya namba saba inachelewa kidogo sana, kama mtu anayekusanya kitenge chake kabla ya kuketi. Sijamsikia mtu mwingine anayepiga hivyo. Hayo ndiyo madaha yake. Huwa nasikiliza hiyo tu, nazima, nakwenda kupika.

Kinachonitisha si kuzimika. Kumbukumbu yake inashikiliwa na betri tatu ndogo nyuma, kama za tochi. Ukizitoa mashine ikiwa imezimwa, inasahau kila kitu. Generoza alizibadilisha kila Machi, mashine ikiwa inawaka, nami nimefuata utaratibu huo. Sasa Machi imefika, betri zimechoka, na mashine haiwaki.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeipeleka kwa Ashrafu, fundi wa redio na televisheni, ambaye meza yake iko barazani kwa mama yake, nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilifika hajafungua. Baada ya bendi kuvunjika nilifanya kazi stesheni ya reli hapa Kilosa mpaka nikastaafu, na mtu wa reli hachelewi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndiyo unaamka?"

Akacheka, akaigeuza geuza mashine, akapiga mluzi. Alisema vitu hivi vimekuwa adimu, na wale vijana wa Dar wanaotengeneza miziki wanavitafuta usiku na mchana. Nilimwambia sikuja mnadani. Nikamweleza habari ya betri na namba saba.

"Hukuirekodi hata kwenye simu, mzee?"

Nikamwonyesha simu yangu ya kitochi. Halafu nikamwambia kwamba mtu hurekodi kitu anachodhani kitaondoka, na mimi nilidhani cha kuondoka kilishaondoka.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sina jipya.

Jumamosi, 9 Machi

Ameifungua. Transfoma ya ndani imeungua na ya kufanana nayo haipo hapa wala Morogoro, ameagiza itafutwe Kariakoo. Amepima betri kwa mita, akakunja uso.

"Bado zinashikilia, mzee, ila kwa kucha."

Nikauliza kwa nini asiweke mpya leo. Akasema vishikio vimeliwa na kutu, akivigusa bila umeme huenda akapoteza vyote. Tusubiri transfoma, iwake, ndipo azibadilishe.

"Kawia ufike, mzee."

Methali hiyo ilitungwa na abiria. Hakuna mtu wa reli ambaye angeitunga.

Alhamisi, 14 Machi

Mfungo umeanza. Mama yake Ashrafu, Bi Sikuzani, anatandika mkeka barazani kando ya meza ya fundi, anachambua mchele na kuniuliza maswali. Amenizidi umri kwa miaka kumi hivi, kwa hiyo namwamkia, lakini kwake shikamoo moja inazaa maswali kumi. Mkeo alikuwa mtu wa wapi? Alikufa kwa maradhi gani? Mbona hamkujaliwa mtoto? Na hili sanduku ndilo linalolia ngoma?

"Ndilo, mama."

"Lina nini humo ndani?"

Nilikuwa nimechoka naye, nikamjibu kwa mkato. "Lina mkono wa mke wangu."

Akaacha kuchambua. Akanyanyuka kwa kushika kiuno, akachukua kanga moja kwenye kamba, akalifunika sanduku. "Basi lisipate unyevu," akasema.

Bado ni msumbufu.

Jumatatu, 18 Machi

Bi Sikuzani ameniletea futari, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mwanglikana na sijafunga. Akasema njaa haina dini. Nimekula yote.

Mvua haikuacha kutwa nzima na mimi sikuacha kumuwaza Generoza. Alikuwa mapokezi pale hotelini, msichana wa Kikatoliki aliyesomeshwa na masista, mpole wa maneno. Kitabu cha maelekezo ya mashine kilikuwa Kiingereza kitupu. Sisi wanaume wa bendi tulikifungua, tukatikisa vichwa kama tumeelewa, tukakifunga. Yeye alikiomba Jumapili. Ijumaa akaja, akakaa juu ya kreti la soda, magoti pamoja, na vidole vyake vikaanza kazi kama anapiga chapa barua ya serikali. Ngoma ikatoka. Samwel, mwimbaji wetu, aliangua kicheko mpaka akalazimika kukaa chini.

Watu walisema sana. Mwanamke na ngoma wapi na wapi? Madereva wa malori walimwita Mama Mitambo. Hakuwajibu. Hakuwaangalia hata wachezaji. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu mwanzo wa shoo mpaka mwisho, na mimi nilivimba kichwa, nikaona nimependwa. Mwaka uliofuata tulioana.

Leo nimemkumbuka mpaka kifua kinauma. Si yule wa hospitali, yule nimeshamlilia. Nimemkumbuka wa kwenye kreti. Laiti ningelipata dakika moja tu ya yule wa kwenye kreti.

Jumamosi, 23 Machi

Transfoma imepatikana na imetumwa kwa basi. Basi limekwama, maji yamefunika barabara. Tunasubiri.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Sikufika Mamboya. Generoza amelala kule kwetu mlimani, na kila Pasaka huwa napanda kupalilia kaburi lake, lakini mwaka huu njia imekatika. Kanisani nimeimba kwa mdomo tu. Nyumbani kiti kipo, meza ipo, juu ya meza kuna alama ya mraba isiyo na vumbi pale mashine ilipokuwa.

Hakuna kaburi, hakuna namba saba. Nimelala mchana, jambo nisilolipenda.

Jumanne, 2 Aprili

Transfoma imefika! Umeme umekatika mtaa mzima. Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Alhamisi, 4 Aprili

Umeme bado. Ashrafu amepima tena betri mbele yangu na hakuniambia namba, nami sikuuliza. Amesema kesho akitoka msikitini, umeme uwepo au aazime jenereta, lazima aiwashe. Amefungua kifuniko cha nyuma ili kazi iwe rahisi. Mama yake alikuwa anatusikiliza. "Kwa hiyo hizo betri zinakufa?" akauliza. Ashrafu akamjibu, "Zinakufa, mama, zimebaki na roho ya mwisho."

Ijumaa, 5 Aprili

Leo jua limetoka. Jua la kweli, la kuanika. Mtaa mzima ulitoa magodoro, nguo, mahindi yaliyoanza kuota kuvu. Umeme nao ukarudi. Nilisema moyoni, Mungu ameamua. Nikavaa shati safi kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni stesheni.

Nilifika kwa Ashrafu wakati yeye mwenyewe anaingia na kanzu yake kutoka msikitini. Bi Sikuzani alikuwa uani, kwenye jua, ameketi kando ya ungo, na uso wake ulijaa furaha. Kwenye ungo kulikuwa na betri za tochi yake, betri za redio yake, na betri tatu ndogo zilizopangwa peke yake, kwa heshima, juu ya kitambaa.

"Nimeshazigeuza mara mbili," akatuambia. "Zimepata moto vizuri. Nilisema jua kama hili lisipotee bure na mkono wa mtu unakufa humu ndani."

Kila nyumba hapa inafanya hivyo. Betri ikichoka inatolewa, inaanikwa, inarudi na nguvu ya taarifa ya habari moja zaidi. Mama yangu alifanya hivyo maisha yake yote. Mimi mwenyewe nilianika betri za tochi ya stesheni, na zikapona. Ningekuwa sijui habari ya mashine hii, ningemsifu. Haya nayaandika sasa nikiwa nimetulia. Saa ile sikuwaza chochote.

Ashrafu alizichukua mikononi kama anaokota makaa, akazirudisha, akaketi bila hata kuvua kanzu, akaunga transfoma. Moshi wa risasi ya kulehemu ulimwingia machoni. Mama yake alikuja kusimama nyuma yetu. Ashrafu akachomeka waya.

Ikawaka. Taa nyekundu ileile. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kilosa.

Nikabonyeza saba. Taa ndogo zikaanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia kama kawaida, zikafika mwisho, zikaanza tena. Hakuna ngoma. Nikabonyeza sita. Tano. Moja. Taa zinatembea, zinarudi, ndani mtupu.

"Imepona?" akauliza Bi Sikuzani. "Mbona hailii?"

Ashrafu aliinamisha kichwa. Mimi nikageuka nikamwambia yule mama, mbele ya mwanawe, mbele ya majirani walioanika magodoro, "Umemuua mara ya pili."

Nikaondoka bila kuaga. Mashine nimeiacha palepale.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua imerudi.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekutana na Bi Sikuzani dukani. Alisimama, akaniangalia, akingoja nimwamkie. Nikapita. Muuza duka aliacha kupima sukari, mkono hewani. Hapa unaweza kukosana na mtu kwa mpaka wa shamba, kwa mbuzi, hata kwa mke, na bado shikamoo yake utampa. Mimi nimemnyima mwanamke wa umri ule. Mama yangu angekuwa hai angenichapa na uzee huu.

Sijutii. Au nitajuta kesho.

Jumatano, 10 Aprili. Iddi

Ameniletea pilau, sahani imefunikwa kwa kitambaa kipya. Alimtuma jirani. Nimemrudisha nayo vilevile ilivyokuja.

Jumapili, 14 Aprili

Ashrafu ameileta mashine mwenyewe. Amekataa kiti, halafu akakubali. Amesema anaomba radhi kwa niaba ya mama yake, na kwa niaba yake pia, maana yeye ndiye aliyefungua kifuniko na kwenda zake. Kisha akatoa wazo. Mashine ni nzima. Kama naukumbuka mdundo, si niupige tena kwa vidole vyangu uhifadhiwe?

Tukajaribu mpaka chai ikapoa. Ngoma kubwa ikakubali. Vyuma vikakubali. Ngoma ndogo ikatoka imenyooka kama askari wa gwaride. Ashrafu akagundua kwamba mashine hunyoosha mapigo ya anayekosea, akazima huko kunyoosha. Nikaichelewesha kwa makusudi, ikatoka kama mlevi anayetafuta mlango. Nikaichelewesha kidogo zaidi, kidogo pungufu. Mlevi yuleyule.

Wakati wa kuondoka akasema, "Mama siku hizi hakai barazani, mzee. Yuko ndani tu."

"Mwambie atoke."

"Mwambie mwenyewe."

Kijana amenijibu vibaya na alikuwa sahihi.

Jumamosi, 20 Aprili

Wiki nzima najaribu. Leo limetokea jambo baya kuliko yote: sina hakika tena. Nimepiga mdundo mara nyingi mno mpaka sijui ninachokisikia kichwani ni cha Generoza au ni makosa yangu ya jana. Anafutika. Mashine ilisahau kwa siku moja, mimi nasahau kidogo kidogo, na mimi sina wa kumlaumu.

Nitakwenda Mikumi. Samwel, mwimbaji wetu, bado yuko hai kule. Kanda za bendi tulizokuwa nazo sisi zilikwenda na mafuriko, lakini pengine yeye ana moja.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda na kurudi na mgongo unalia, barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya ni tope tupu. Naandika yote kama yalivyokuwa, ingawa sijui niyafanye nini.

Samwel anaziba pancha kando ya barabara kuu, malori yakitoka Iringa. Nywele zimeisha, kitambi kimekuja, sauti iko palepale.

"Timo! Umekuja kuchukua besi yako?"

Nilisahau kabisa kwamba gitaa langu la besi nililiacha kwake bendi ilipovunjika. Analo, limening'inia ukutani katikati ya tyubu za baiskeli, nyuzi zimeota kutu. Nikamwambia nimefuata kanda. Akasema kanda zililiwa na panya tangu enzi hizo, na panya wenyewe walishakufa. Nikamweleza habari ya Generoza na betri. Alivua kofia. Hakufanya mzaha.

"Namba saba unaikumbuka?" nikamuuliza.

"Nitaisahauje?" Akachukua chuma cha kutolea matairi, akagonga mdundo juu ya rimu huku akiimba kwa chini. Kila kitu kilikuwepo, isipokuwa lile jambo lenyewe.

"Sivyo," nikasema. "Pigo la ngoma ndogo linachelewa kidogo. Yale madaha yake."

Samwel akaacha kugonga. Akaniangalia kama mtu anayetafuta tobo kwenye tyubu.

"Madaha gani, Timo? Wewe ndiye uliyekuwa unachelewa."

Nikacheka. Mimi? Waliofanya kazi nami wanajua, saa ya stesheni ilirekebishwa kwa kuniangalia mimi.

"Stesheni ni stesheni," akasema. "Kwenye besi ulikuwa unachelewa. Siku zote. Si sana, ila kila pigo. Mpiga drams wetu aliondoka kwa nini, unadhani? Alisema hawezi kuvutana na wewe kila Jumamosi kama anakokota ng'ombe. Mashine ilipokuja ndiyo ikawa balaa, maana mashine haina huruma, inapiga palepale na wewe unafika nyuma. Ukaenda Mamboya kwenye msiba wa baba yako, sisi huku tukafanya kikao. Tukakubaliana tukutoe."

"Mnitoe?"

"Tukutoe. Nani angebisha? Akabisha yeye. Alikuwa kwenye kreti lake kule pembeni, hata si mwanachama. Akasema, mpeni wiki moja. Uliporudi tukapiga namba saba, na ikakaa. Ikakaa vizuri, Timo, watu wote wakasimama kucheza. Nikamfuata nyuma ya jukwaa, nikamuuliza umefanya nini. Akasema, nimeisogeza ngoma mpaka pale anapofika yeye."

Lori likapita, likatupiga maji ya tope. Hatukusogea.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alituapisha. Halafu nani akwambie, na kichwa chako hicho?" Akavaa kofia yake. "Mimi nilikuwa namtaka, ulikuwa hujui na hilo. Nilikuwa nimeshanunua hadi kanga. Niliposikia ile ngoma imesogezwa, nikajua hapa sina changu. Kanga nikampa dada yangu."

Akaliteremsha gitaa, akalipangusa kwa kitambaa cha grisi, akanikabidhi.

Jumapili, 28 Aprili

Nimekasirika. Samwel mwongo. Samwel alikuwa na wivu na wivu hauzeeki. Nilikuwa mpiga besi mzuri.

Gitaa nimelisimamisha nyuma ya mlango, limegeukia ukuta.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imepungua. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika lisilokuwa matusi.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekaa na jambo hili mpaka limeacha kuniuma na kuanza kunitia huruma. Aliishi nami zaidi ya miaka thelathini na hakunitupia neno hilo hata siku tuliyogombana vibaya kuliko zote. Wenzangu waliona kosa wakataka kuniondoa. Yeye aliona kosa akasogeza ngoma.

Na nimefikiri jambo jingine, ambalo silipendi. Wanawake wawili wametia mikono kwenye mashine hii kwa ajili yangu bila kuniuliza. Mmoja nimemlilia miaka minne. Mwingine nimemnyima salamu.

Nimenunua nyuzi mpya za besi.

Jumamosi, 11 Mei

Asubuhi nimebeba mashine kwapani na gitaa mgongoni, nikaenda kwa Ashrafu. Baraza lilikuwa tupu, mkeka umeviringishwa ukutani. Sikuelekea kwenye meza ya fundi. Nilisimama mlangoni, nikapiga hodi, nikaita kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Shikamoo mama!"

Kisha pazia likafunguka.

"Marahaba, mdogo wangu. Nilidhani umeisahau."

"Nisamehe. Nilikukosea mbele za watu."

"Mimi nilikukosea zaidi," akasema, na macho yake yakajaa. "Kila nikitaka kulala naona zile betri."

Nikamwambia aje akae, nahitaji mtu wa kusikiliza. Alitandika mkeka mwenyewe.

Ashrafu aliunganisha gitaa na mashine kwenye spika moja ya redio kubwa. Nikamwomba apange namba saba yote, iliyonyooka, kama mashine inavyotaka, hata ngoma ndogo. Akapanga. Ikaanza kupiga. Nikaingia na besi.

Vidole vyangu ni vigumu siku hizi, lakini njia vinaijua. Na baada ya mizunguko michache nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe kile ambacho bendi nzima ilikisikia. Ngoma inapiga, mimi nafika. Inapiga, nafika. Niliharakisha, nikajikwaa. Nilipoacha kujilazimisha nikarudi nyuma yake palepale. Ashrafu alijifanya anatafuta bisibisi.

"Usinionee haya," nikamwambia. "Isogeze ngoma ndogo."

"Kwenda wapi?"

"Nyuma. Inifuate mimi."

Akabonyeza, ikasogea hatua moja. Bado. Akabonyeza tena. Nikaendelea kupiga, sikubadilisha kitu, kwa maana mara hii si mimi niliyetakiwa kubadilika. Akabonyeza tena.

Ikakaa.

Sijui kulieleza. Ngoma na besi vilishuka mahali pamoja, na hapo katikati akawepo yeye, mzima, kwenye kreti lake la soda, magoti pamoja. Ndiyo ile. Ndiyo ile hasa, wala si inayofanana nayo. Nilikuwa nimeitafuta kwa vidole, kwa kumbukumbu, kwa kanda zilizoliwa na panya, na muda wote kipimo chake nilikuwa nacho mwenyewe, kwa sababu bado nachelewa vilevile. Nililia bila kuacha kupiga. Bi Sikuzani alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga.

"Ndiye?" akauliza.

"Ndiye, mama."

"Nihifadhi, mzee?" Ashrafu akauliza. Nikamwambia ahifadhi, na asisogee hapo mpaka atakapoona kwa macho yake kwamba imehifadhika, na betri mpya zikiwemo. Akafanya hivyo.

Kisha nikainua mkono kwenye nyuzi ili niisikie peke yake, kama nilivyoisikia kila Jumapili. Ngoma kubwa ikapita, vyuma vikapita, na pale ngoma ndogo ilipotakiwa kupiga, haikupiga. Ikangoja. Ndipo ikapiga. Mzunguko uliofuata ikangoja tena. Miaka yote hii nilidhani ni madaha, nikayapenda kama madaha, kumbe alikuwa ananisubiri. Kila pigo, kila Jumamosi, na miaka minne hii nilipokuwa nimekaa kwenye kiti changu mikono mitupu, alikuwa bado ananisubiri na mimi siingii.

Nikarudisha kidole kwenye uzi, nikaingia.